Mtu wa Kabila la Armoni

Kwetu milimani Masisi, miaka ile ya baada ya vita vya Wazungu, kila mweupe mwenye duka aliitwa Mugiriki. Haikujalisha ametoka wapi. Kama hahubiri, hapimi mashamba, hakusanyi kodi, na anauza chumvi na vitambaa, basi huyo ni Mugiriki, maneno yameisha. Kwa hiyo yule wa kwetu alipofika na kusema kwamba yeye si Mugiriki, yeye ni Muarmenia, watu walimtazama kwa huruma kidogo, kama unavyomtazama mtu anayekataa ukoo wake mbele ya wageni.

Mimi nilikuwa fundi wa kushona kwenye barza ya duka lile. Barza ni ukumbi wa mbele, wenye nguzo na bati juu, mahali ambapo watu wanangojea mvua iishe hata kama hawana cha kununua. Cherehani ilikuwa ya duka, miguu ya kuikanyaga ilikuwa yangu. Nilikuwa nimesoma kwa mapadri mpaka nikajua kusoma vizuri na kupima mita za kitambaa, halafu shule ikanitosha, ama mimi nikaitosha shule, sijui. Nilipenda kazi yangu. Cherehani ina mlio wa kulaza mawazo, na mimi nilikuwa kijana wa mawazo mengi: nitaoa msichana mzuri, nitajenga nyumba ya bati, nitaimba siku moja kwenye redio ya Léopoldville mpaka mama yangu aulize, huyo ni nani anaimba kama mwanangu.

Duka lilikuwa la binamu wa yule Muarmenia, tajiri mmoja wa Bukavu ambaye tulimwona mara chache. Huyu wetu alitumwa kulisimamia. Alishuka kwenye kamyo, lori la mizigo, katikati ya magunia ya chumvi, mtu mfupi, kichwa kimekwisha nywele, masharubu mazito, na nyuma yake wapagazi wakashusha sanduku refu lililofungwa kwa blanketi kama maiti. Blanketi lilipofunguliwa, ndani kulikuwa na armoni.

Armoni tuliijua. Misheni ilikuwa nayo moja, kile kinanda cha kukanyaga kwa miguu ambacho Padri alikiita armoniamu na sisi tukakata mkia wake. Lakini hatukuwa tumewahi kuiona armoni ikitembea nje ya kanisa. Watu wakajazana. Mzee mmoja mwenye kofia ya ngozi akauliza, "Papa, uko muntu wa wapi?"

"Muarmenia," akajibu.

Mzee akaangalia sanduku, akamwangalia yeye, akageuka kutueleza sisi wengine. "Mumesikia? Muarmoni. Njo maana iko na armoni."

Basi jambo likaeleweka. Wahunde wanalima, Wanyanga wanawinda, na huko mbali sana kuna Waarmoni, kazi yao ni kupiga armoni. Kila kabila na kazi yake. Mama yangu, ambaye alikuwa amekuja kununua chumvi, alitaka kuhakikisha. "Na wanawake wao pia wanapiga?"

Mtu yule alikuwa amejifunza Kiswahili chake njiani, kipande Kigoma, kipande Usumbura, kipande kwa madereva, na alikisema polepole kama anayevuka mto juu ya mawe. Akafikiri, akasema, "Mama, mu inchi yetu ata mbuzi inapiga."

Kuanzia siku ile mama yangu alimpenda.

*

Maisha yake aliyasimulia vipande vipande, wakati hakuna wateja, akiwa ameketi kwenye gunia karibu na cherehani yangu na kikombe cha chai bila maziwa. Sikuyapata kwa mpango. Mimi nimeyashona baadaye, na kama kuna mshono uliopinda, ni wangu.

Alizaliwa katika mji wa mizabibu na wa tunda fulani la njano ambalo alijaribu kunieleza akashindwa. "Kama pera," alisema, "lakini hapana pera." Akiwa mtoto mdogo watu wa mji wao walifukuzwa wote, wakatembea kwa miguu nchi kavu isiyo na maji. Mama yake alibaki njiani. Hapo mimi nilikanyaga cherehani tu, maana kuna wakati kelele ni adabu. Alilelewa na masista katika mji mmoja wa pwani, kati ya yatima wengi, na sista mmoja mzee, kiziwi kidogo, akamfundisha kinanda cha kanisa. "Kwa sababu hakusikia vizuri," aliniambia, "nilikuwa naweza kumupigia nyimbo ya dansi saa ya sala, anasema Amina."

Alipokua akapiga kinanda kwenye hoteli. Halafu akaanza kutunga. Alitunga nyimbo za harusi, za watoto, za watu wanaoagana kwenye bandari, nyimbo za michezo ya kuigiza. Moja iliwekwa kwenye sahani ya gramofoni. Nilifikiri hiyo ndiyo ilikuwa siku kubwa ya maisha yake, kwa sababu ingekuwa hivyo kwangu, lakini alikataa kwa kichwa.

Siku kubwa, alisema, ilikuwa asubuhi moja alipokuwa akipita kichochoroni akamsikia mwanamke anafua nguo juu ya paa la nyumba, anaimba wimbo wake. Maneno amebadilisha. Mwimbaji hakumjua, wala hakujua kwamba wimbo una mwenyewe. Alisimama pale chini mpaka maji ya sabuni yakamdondokea kichwani.

"Siku ile njo wimbo ilizaliwa," akasema. "Kabla ya pale iko mimba tu."

"Na hapa kwetu?"

"Hapa? Tangu nifike nimetunga nyingi. Hakuna muntu anaimba ata moja. Hapa, fundi, niko na mimba tu."

Mama mmoja aliyekuwa anachagua sahani za bati alisikia neno hilo la mwisho peke yake. Akamtazama tumbo. Kabla ya jioni habari ilikuwa imefika sokoni, na kwa siku kadhaa watoto walipita barzani kumwangalia kwa heshima.

Lakini mimi nilielewa, na lilinigusa. Alikuwa mtu wa miaka mingi kuliko baba yangu alivyofikia, amepoteza nchi na mama na mji wa pwani, wala hakutaka virudi. Alitaka kitu kimoja: wimbo wake mmoja uimbwe hapa, na mtu asiyejua kwamba ni wake.

*

Jaribio la kwanza lilikuwa siku ya soko. Aliisogeza armoni mpaka barzani, akavaa koti, akaniomba niache kushona. Alikuwa ametunga wimbo wa furaha, wa kucheza, wa watu kushikana mabega na kuzunguka. Aliniambia kwao wimbo kama huo ukianza, hata waliovunjika miguu wanainuka.

Akaanza kukanyaga. Sauti ikatoka, nzuri, inarukaruka kama mbuzi wadogo.

Soko likanyamaza. Wanaume wakavua kofia. Mzee mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mama mmoja aliyekuwa na chumvi kichwani akapiga magoti taratibu bila kuishika, na wengine nyuma yake wakapiga magoti pia, kwa sababu armoni ikilia unafanya nini kingine? Alizidi kuharakisha, jasho likimtoka, akidhani hawajachangamka. Na wao wakazidi kuinamisha vichwa, wakidhani misa imefika mahali pakubwa. Alipomaliza, soko lote likasema Amina.

Nilijificha nyuma ya kitambaa nikacheka mpaka nikalia. Yeye alibaki ameketi, mikono juu ya kinanda.

"Walipenda?" akaniuliza.

"Papa, walipenda sana. Walisali."

Baada ya hapo aliiacha armoni ndani akawa ananifundisha mimi niimbe kwenye cherehani. Niliimba kwa sauti yangu yote, na sauti ninayo. Watu walisimama, wakasikiliza mpaka mwisho, wakaenda zao kimya. Yeye alifurahi, kwao ukimya ni heshima. Nilishindwa kumwambia kwamba kwetu kimya ni kitu unachompa mfiwa, ama mtu anayekusomea hukumu.

Mama yangu hakushindwa. Alikuja siku moja na sombe, kisamvu chetu, iliyofungwa ndani ya majani ya mgomba, akasikiliza nikiimba, akasema, "Papa, wimbo yako iko nzuri. Lakini tunaingilia wapi?"

"Namna gani, Mama?"

"Unaimba wewe, unaimba wewe, unaimba wewe. Sisi tuko wapi? Ni kama umenialika nyumbani kwako, nyumba nzuri, nazunguka, haina mulango."

Alicheka, lakini jioni nilimsikia akipiga kipande kilekile kwa mkono mmoja, anaacha, anapiga, anaacha. Alikuwa anatafuta mahali pa kutoboa.

*

Wakati huohuo mimi nilikuwa nimepata ugonjwa wangu. Msichana mmoja wa upande wa Walikale alikuja na shangazi yake kutaka blauzi. Watu wa msituni wanatembea wepesi, kama hawataki kuisumbua ardhi, na yeye alipanda barza yetu hivyo, nikashtukia amesimama mbele yangu. Sijawahi kupima mabega ya mtu polepole vile. Shangazi yake aliona.

"Fundi," akasema, "unapima blauzi ao unapima shamba?"

Shangazi yule alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, jicho moja limefumba kidogo kama la mwindaji, na mdomo wake haukuwa na mlinzi. Nilipotuma wazee wangu kuposa, yeye ndiye aliyewapokea zaidi ya baba wa msichana. Mbuzi walikubaliwa. Lakini akawaonya juu ya jambo moja. Katika kijiji chao, bibi harusi akiondoka kwenda kwa mume, anatembea mpaka kijito kinachogawa ardhi ya baba yake na ya wengine. Hapo anakaa chini juu ya mzigo wake. Watu wa mume wanapaswa kumwimbia. Kama wimbo unafaa, shangazi zake wanauitikia kutoka upande wao, naye anainuka. Kama haufai, wananyamaza, naye anabaki ameketi, na watu wa mume wanarudi kwao kutafuta midomo mingine.

"Na nyinyi watu wa mulima," akamalizia, "tunajua munaimba maharagi tu."

Nilirudi barzani nimenyong'onyea. Nyimbo zetu za harusi wanazijua zote na wanazicheka. Nilimweleza Muarmenia. Alinisikiliza, masharubu yakaanza kutikisika, akaweka kikombe chini.

"Fundi, nitakutungia."

Sitasema uongo, niliogopa. Niliona watu wa Walikale wote wamepiga magoti kijitoni wanasema Amina, na mchumba wangu ameketi pale mpaka uzee. Lakini ungemkatalia vipi? Uso wake ulikuwa kama taa iliyopandishwa utambi.

Alikuwa na neno moja alilozoea kumwambia mtu anayemwonea huruma au anayempenda. Mtoto akianguka barzani, mteja akikohoa, mimi nikijichoma sindano, alisema neno hilo kwa lugha yake, halafu akalitafsiri: maumivu yako niyabebe mimi. Kwao, aliniambia, hata mama akimwita mwanawe ale, anaweza kulisema. Ni salamu, ni busu, ni kila kitu. Wimbo wangu alitaka kuujenga juu ya neno hilo. Safari hii aliniuliza: mtu anasema nini, wengine wanajibu nini? Akakanyaga armoni, nami nikakanyaga cherehani kumshikia mwendo, na wateja waliotaka chumvi wakangoja.

Ukatoka hivi. Mmoja anatupa, wote wanapokea:

Kitunga iko nzito — lete nibebe.
Mulima iko murefu — lete nibebe.
Maji iko baridi — lete nibebe.
Machozi ya mama — lete nibebe.

Na mwisho sauti ilipanda, ikapanda tena, ikakaa juu kidogo kama ndege anayechagua tawi, ndipo ikashuka. Mahali hapo pa kupanda alipapenda kuliko pote. Alisema humo ndimo mji wa mizabibu ulimo.

Mama yangu alisikia mara moja akaitikia akiwa bado mlangoni, chumvi mkononi. Tukatazamana, mimi na Papa. Mlango ulikuwepo.

*

Tulishuka Walikale sehemu kwa kamyo, sehemu kwa miguu, na yeye akaja. Armoni haikuweza kuja. Njiani watu waliotujua waliuliza, "Muarmoni bila armoni?" kwa sauti ya kumwuliza mwindaji mbwa wake yuko wapi. Aliteleza mara nyingi kwenye majani, akasema neno lake kwa kila mti alioushika.

Tulikula vizuri kwa wakwe, ndizi na nyama ya msituni, na asubuhi tukaondoka na bibi harusi. Kwenye kijito akaketi juu ya kitunga chake, akafunika uso kwa kitambaa nilichomshonea mwenyewe. Sisi tukavuka, tukasimama ng'ambo ya huku. Nyuma yake shangazi zake, mikono viunoni. Yule mrefu alikuwa katikati.

Nikatupa mstari wa kwanza. Watu wangu wakapokea. Wa pili. Wa tatu. Ng'ambo kimya. Nilimwona Muarmenia kati ya wajomba zangu, mdomo wazi, macho yamewatazama wanawake wale kama mtu anayengoja kusomewa jina lake. Mstari wa nne, machozi ya mama. Kimya. Maji tu. Sauti ikapanda pale juu Muarmenia alipopapenda, ikashuka, na sikuwa na mstari mwingine. Nikaanza upya.

"Kitunga iko nzito—"

"Lete nibebe," wakasema watu wangu.

Ndipo shangazi akafungua mdomo, kwa sauti kavu, juu ya mlio uleule:

"Leo unabeba, kesho unatua."

Wenzake wakacheka wote pamoja, wakaudaka. Mulima iko murefu — lete nibebe — leo unabeba, kesho unatua. Wanaume wote wanaapa kubeba siku ya harusi; kesho yake mzigo uko chini na mwanamke anauokota. Waliliimba hilo wakipiga makofi, wakinielekezea vidole, wakimwelekezea kila mume aliyekuwepo. Hata mchumba wangu, chini ya kitambaa, mabega yalikuwa yanatikisika. Akainuka.

Hiyo ndiyo siku ya furaha yangu, na ningeweza kuandika zaidi, lakini naandika habari za mwingine. Njiani kurudi Muarmenia alitembea nyuma ya wote. Nikamsogelea.

"Papa, umekasirika?"

"Nimetunga wimbo ya mapendo," akasema. "Yule mama akaitukana."

"Lakini aliitikia."

"Ndiyo. Aliitikia." Akatembea kidogo. "Matusi yake ilikaa vizuri. Saa ile ile ya mwendo. Mimi sikuona kama pale kuna nafasi." Halafu akatikisa kichwa. "Lakini wanajua iko yangu. Waliniona, walinisalimia. Bado iko mimba, fundi."

Nilimwambia kwamba mke wangu atauimba nyumbani. Aliuimba kweli, akitwanga sombe, na kila mara nilipochelewa kurudi niliukuta umefika kwenye "kesho unatua". Lakini Muarmenia hakuuhesabu huo. "Bibi yako ananijua," alisema.

*

Misimu ikapita. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa, akapata meno. Binamu wa Bukavu alianza kusema duka haliingizi vya kutosha, kwamba pengine atalifunga na kumwita yeye mjini kusimamia ghala. Muarmenia hakulalamika. Lakini aliacha kutunga. Armoni ilifunikwa blanketi lake la zamani, na juu yake tukaweka marobota ya kaniki.

Msimu wa mavuno ya maharagi tulikwenda pamoja Nyabiondo kuyanunua kwa ajili ya duka. Wakati wa kurudi kamyo ilizama kwenye matope, dereva akasema mambo ambayo siwezi kuyaandika, na sisi wawili tukaamua kupanda kwa miguu njia ya mkato. Ilikuwa asubuhi ya soko. Mbele yetu kulikuwa na wanawake wanapandisha vitunga vya maharagi, kamba kwenye paji la uso, migongo imeinama, mmoja nyuma ya mwingine. Walikuwa wanaimba.

Nilisikia kabla yake, kwa sababu yeye alikuwa anahema. Halafu akasimama.

Kitunga iko nzito — lete nibebe — leo unabeba, kesho unatua.

Nilimtazama yule mwanamke wa mwisho, ambaye alikuwa karibu nasi kuliko wengine: mama mnene kiasi, kitambaa cha kichwa cha rangi ya udongo. Sikumjua. Hakutujua. Mlima mzima ulikuwa umejaa watu wasiotujua, na wimbo ulikuwa unapanda nao.

Muarmenia aliweka mkono begani kwangu. Nadhani alifanya hivyo ili asianguke. Kisha, bila kufikiri, akaanza kuimba nao, na walipofika mwisho, wao wakakata sauti moja kwa moja chini, na yeye peke yake akapanda kule juu kwenye mizabibu yake, sauti ikabaki hewani bila mwenzake.

Mama wa mwisho akageuka, kitunga na yote.

"Papa," akasema, "pale haupande."

"Haupande?"

"Pale unashuka. Uko unapanda mulima na mzigo, tena unapandisha na sauti? Pumuzi itatoka wapi?"

Mimi nilishika mdomo wangu kwa mkono kabisa, maana maneno yalikuwa yanasukuma meno. Nilitaka kusema, Mama, huyu ndiye. Lakini yeye aliniwahi.

"Mama, samahani. Iko wimbo ya nani, hii?"

"Ya nani namna gani? Iko wimbo ya kubebea."

"Nani aliitunga?"

Aliwaita wenzake wasimame, ili na wao wasikie swali hilo. "Anauliza nani aliitunga. Papa, maharagi iko nani aliitunga? Hii wimbo tuliikuta. Mama-mukwe yangu aliolewa nayo."

Nikapiga hesabu kichwani nikaona mama mkwe wake angepaswa kuolewa juzi. Muarmenia hakupiga hesabu. Alikuwa anatabasamu vibaya, yale matabasamu ambayo yako karibu na kitu kingine.

"Unifundishe," akasema.

"Nitakufundisha. Lakini hii haifundishwi mikono mitupu. Kwetu mwenye kuitikia 'lete nibebe', anabeba." Na hapohapo akainama, akaushusha mzigo wake juu ya jiwe, akamwonyesha kamba.

Wenzake wakaangua kicheko, kisha wakanyamaza, kwa sababu walimwona anavua kofia. Unajua ilivyokuwa wakati ule. Mizigo ilikuwa na upande wake na Wazungu walikuwa na upande wao, na hata Mugiriki wa mwisho kabisa hakubeba hata mwavuli wake. Mama mwenyewe alishtuka. "Papa, ninacheka tu," akasema. "Wacha."

"Hapana. Nimeitikia."

Nikamsaidia kuweka kamba kwenye paji la uso. Kipara kilikuwa kinateleza, tukaweka leso chini yake. Akainuka, akayumba, akapata mwendo. Mama akatembea nyuma yake, mikono yake mitupu haijui iwekwe wapi, akamfundisha kwa ukali kuliko Padri. Hapo pumua. Hapo usivute. Hapo weka muguu, njo useme "nibebe". Kila alipofika mahali pale pa mwisho na sauti yake ikataka kupanda kwa mazoea, mama alimgonga kitunga kwa nyuma na kiganja. "Shuka, Papa." Akashuka. Mara ya kwanza, mara nyingine. Mwishoni akaanza kushuka mwenyewe, na nilisikia kwa nini wanafanya hivyo: pumzi ilikuwa inatosha mpaka mstari unaofuata, na mguu haukusimama. Wanawake wa mbele wakampa "kesho unatua" kwa furaha yao yote. Gari la Mzungu mmoja wa mashamba ya pareto likatupita tulipoikuta barabara, likapunguza mwendo, dirisha likashuka, likapanda, likaenda.

Tulipofika sokoni alitua mzigo, akaketi kando yake, uso mwekundu kama nyanya, alama ya kamba imemkata paji. Mama akafungua kitunga chake, akaangalia kama maharagi yako salama, akachota kiganja kimoja akamtilia kofiani.

"Utaijua tu, Papa," akamwambia kwa upole. "Pole pole. Wageni wote inawashinda pale mwisho."

Alimshukuru kwa mikono miwili, kama tunavyoshukuru sisi. Halafu akaniomba nimshike mkono ainuke, kwa sababu alitaka twende haraka dukani tukaondoe marobota ya kaniki juu ya armoni, kabla hajasahau jinsi ya kushuka.